Safu Isiyokuwepo

Kila Oktoba Lorraine huniletea kahawa na swali lilelile:
kati ya vitongoji vinavyoizunguka Des Moines
kipi kitakua kuliko vyote ndani ya miaka kumi?
Huuliza kama mtu anayeuliza bei ya nyanya.

Nafungua jedwali.
Safu ya kwanza, vibali vya ujenzi.
Ya pili, watoto wa darasa la kwanza,
maana penye watoto wa darasa la kwanza leo
kesho patadai taa za barabarani.
Ya tatu, dakika za gari hadi mjini, asubuhi ya Jumanne,
barafu ikiwa bado haijayeyuka.
Ya nne ni ile nisiyoitaja watu wakila:
bomba la majitaka limefika wapi.

Wengine hutazama shule, wengine mabwawa ya mapambo
na viwanja vya gofu. Mimi hutazama bomba.
Maji hufuata mkondo, na watu,
wajidai watakavyo,
hufuata yale maji wanayoyamwaga.

Mwaka ule nilisema Kessler Grove.
Nilisema kwa sauti, mbele ya madiwani,
kitone chekundu kikitetemeka juu ya ramani:
elfu kumi na moja leo,
elfu thelathini kabla binti yangu hajamaliza shule.
Wakachapisha. Wakasimamisha bango:
jua linachomoza, baba, mama, mbwa wa manjano.
Usiku Shabani akaniuliza, tununue huko?
Nikamwambia subiri kidogo.
Mganga hajigangi.

Bramwell niliiweka ya mwisho, nambari kumi na nne:
maghala mawili ya nafaka, kanisa, duka la matairi,
na mbwa wa kweli, aliyelala katikati ya barabara kuu
kama mwenye hati miliki.

Kessler Grove haikukua.
Bango likapauka mpaka jua lake
likawa na rangi ya chai ya maziwa.
Nikawasha gari nikaenda kulitazama kosa langu.

Kosa langu lilikuwa na jina: Orville Teske,
ekari themanini, kwenye njia ya bomba hasa.
Nilimkuta anakwangua tope kwenye mashine ya kuvunia soya.
Nikajitambulisha.
"Aa," akasema, "wewe ndiye wa namba."
Walikuwa wamempa milioni moja. Wakampa mbili.
Nikamuuliza kwa nini.
Nilitarajia kaburi la mke chini ya ule mti,
au wosia wa babu,
kitu cha kumpelekea Lorraine.
"Sikumpenda kijana waliyemtuma," akasema.
"Alikanyaga soya yangu. Njia ipo pale, unaiona,
na yeye akakanyaga soya."
Akarudi kwenye tope lake.

Basi bomba likapinda kusini,
kama nyoka aliyekuta jiwe,
likaingia Bramwell.
Leo Bramwell kuna nyumba elfu sita za rangi ya uji,
mitaa yenye majina ya miti iliyong'olewa,
na foleni, naapa, foleni, saa moja na nusu asubuhi.
Mbwa, naambiwa, amehamia barazani kwa watu.
Bei zimepanda hata sisi hatuwezi tena kuuliza.
Shabani hasemi kitu. Anapika ndizi, anapiga mluzi.

Oktoba imerudi, na kahawa.
Nimeongeza safu ya tano.
Kwanza niliiita "Mwelekeo wa Wamiliki", nikafuta.
"Mengineyo", nikafuta.
Nimeiacha bila kichwa,
na kompyuta inanionya kwa pembetatu ya njano
kwamba visanduku vyote ni vitupu.

Lorraine amesimama mlangoni, kikombe mkononi.
Kipi? anauliza.
Nami natazama dirishani, upande wa mashamba.
Huko, mahali fulani, dakika hii hii,
kijana mwenye tai anashuka garini,
na anatafuta pa kuweka mguu.